Kahawa Chungu kwa Picha ya Mama

Walikale-centre, 11 Januari 2022

Mdogo wangu Darius,

Nakusalimu wewe, mke wako Shekinah, watoto, na mbuzi wote wa Nyabiondo ambao nasikia unawapiga picha kuliko watu. Sisi huku tuko wazima. Mume wangu Sébastien aliugua malaria siku za Noeli, sasa amepona, ameanza tena kulalamikia chakula, na hiyo njo dalili ya afya. Mvua haijatuachia hata Jumapili.

Nakuandikia barua kwa sababu simu imenichosha. Kila nikifika kwenye neno la Mama, unasema rezo inakatika. Karatasi haina rezo. Utaisoma mpaka chini, na Honoré wa pikipiki nimemwagiza asiondoke hapo kabla hajakuona umeifungua.

Neno lenyewe ni hili. Mwezi wa nane tunaondoa matanga ya Mama. Watu watatoka Kingi, watatoka Nyamitaba, na kitu cha kwanza watakachotafuta ni picha yake mezani, yenye maua, kama kila familia inavyofanya. Sisi tutaweka nini? Picha zote zilibaki nyumbani tulipokimbia, na nyumba yenyewe haikubaki. Iliyopo ni ile ya kadi ya uchaguzi, ambamo Mama anafanana na mtu aliyekamatwa akiiba mbuzi wa jirani.

Inabaki ile moja uliyompiga wewe, siku ya jubile ya kina mama wa parokia, kwa kamera ya Papa. Filamu hiyo iko kwako tangu Pasaka ya mwaka jana. Mama ameugua, amekufa, amezikwa, na filamu bado iko gizani ndani ya kopo. Kama kazi imekushinda, sema. Papa alitoa picha za maharusi wa Masisi nzima kwa dawa ya kawaida ya pakiti, na hakuna bibi-arusi aliyerudi kulia. Itoe hiyo filamu, unitumie negatifu. Mashine ya kukuza picha Papa aliniachia mimi. Sehemu yangu nitaifanya. Mchagua jembe si mkulima.

Dada yako,
Adelaïde


Nyabiondo, 6 Februari 2022

Dada Adelaïde,

Salamu zako zimefika, na za mbuzi nimewapelekea. Wanauliza utakuja lini. Shekinah anakusalimu. Maharagi yameshika vizuri mwaka huu, ila njia ya kwenda shambani imebebwa na mvua, tunapita kwa mikono na magoti. Honoré alisimama mlangoni pangu kama mhuissier wa mahakama mpaka nikafungua bahasha, kisha akala bugali yangu.

Umeandika kama mtu ambaye hakuwapo siku ya jubile. Ni kweli, hukuwapo. Njia ilikuwa imekatika, sivyo? Honoré huyu huyu alifika kutoka Walikale siku ile ile, na matope yake yaliishia kwenye viatu.

Sasa nisikilize, hata kama sikuzaliwa wa kwanza. Jubile ile kina mama wote walivaa nyeupe, kikwembe cheupe kiunoni, libaya nyeupe juu, kitambaa cheupe kichwani. Mama alikubali kusimama mara moja tu, saa sita, jua limemkalia. Uso wake unaujua, mweusi wa kung'aa. Ukimtoa kwa dawa ya kawaida, nguo inakuwa nzito mno kwenye negatifu, mwanga wa mashine yako haupiti, na kwenye karatasi utapata shuka moja nyeupe yenye kichwa cha makaa juu yake.

Iko dawa nyingine, aina inayotia doa. Inajenga kidogo kidogo, na pale penye mwanga mwingi inaacha rangi ya kahawia ndani ya filamu. Doa hilo linauzuia mwanga kwa upole, kwa hiyo weupe unabaki na mikunjo yake, na weupe mmoja unaonekana tofauti na weupe mwingine. Mimi nataka hiyo. Jina lake pyro. Na picha ni moja tu, dada, haina ya pili. Haraka haraka haina baraka.

Najua kwako weupe si tatizo. Nimeiona kazi ya studio yako: unampiga mtu kwa simu, unamvisha koti ya ndani ya simu, unamsugua uso mpaka afanane na unga. Katekista wetu alirudi kutoka kwako na picha ya pasi, mke wake akamuuliza, «Huyu muzungu njo nani?»

Darius


Walikale-centre, 13 Machi 2022

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sébastien ana jipu mahali ambapo sitapaandika. Binti yetu Aurélie amepita mitihani, wa tano, na anasema atakuwa daktari, labda atatibu kiburi cha familia yenu.

Haraka haraka haina baraka, nakubali. Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Umekaa na mama yetu ndani ya kopo miezi kumi na moja ukisoma fotokopi za Kifaransa katika kibanda cha sungura unachokiita laboratoire. Kuna weupe na weupe! Mimi nimefua nguo nyeupe tangu ningali mtoto, wakati wewe unabebwa mgongoni, mgongo wangu huu. Weupe ni weupe. Watu wanataka kuona uso wa Mama, hawaji kukagua mikunjo.

Hata hivyo nimefungua sanduku la Papa. Iko chupa yake ya pyro, aliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi Ulaya. Hakuitumia hata siku moja, alisema ni sumu na inageuza kucha kuwa nyeusi. Nakutumia. Vaa glavu, na usiiache karibu na watoto. Ukifa nitapiga picha yako kwa simu na kukuvisha koti.

Kuhusu njia: ilikuwa imekatika. Honoré ni mtu wa kuruka mito, mimi si wa kuruka. Na Mama alikuwa na Shekinah wa kumsimamia, aliyemchagua mwenyewe akae mahali pa binti mkubwa. Binti mkubwa hakukosekana kwa mtu.

Adelaïde


Nyabiondo, 17 Aprili 2022, Pasaka

Dada Adelaïde,

Kristu amefufuka, pyro ya Papa haikufufuka. Nilifungua chupa, unga wake umekuwa mweusi kama masizi ya chungu. Nilikata kipande cha mwishoni mwa filamu, upande ambao Mama hayupo, nikakipiga mwanga kidogo, nikakijaribu. Kilitoka kitupu. Asante lakini kwa chupa, ni nzuri, Shekinah ameiomba.

Kuhusu mahali pa binti mkubwa: Mama alimchagua Shekinah baada ya wewe kusema kwenye simu, juu ya nguo ya jubile, «Musinishonee». Nilikuwa nimekaa pembeni yake, nilisikia. Basi, tuache.

Nimepata njia nyingine, cheka sasa ili umalize mapema. Kahawa. Kahawa nyeusi, iliyochanganywa na chumvi ya majivu na vidonge vya vitamini C, inatoa picha, nayo pia ni ya aina ya kutia doa. Siitungi mimi, imeandikwa. Nilijaribu kwa kahawa yetu ya milimani, ile laini ambayo wageni wanaisifu. Ilitoa kivuli tu, kama mtu aliyepita nyuma ya pazia. Kumbe inayotakiwa ni kahawa mbaya. Ile kali, iliyoungua, yenye kuacha utando kwenye meno. Dunia nzima naijua sehemu moja tu wanakokunywa kitu hicho kwa hiari yao, na ni kwenu Walikale.

Nitumie kidogo, tafadhali.

Shekinah amekataa kuniazima sufuria. Anasema, «Mama alilelewa vizuri, sasa wewe unataka kumuogesha na kahawa? Hata kama ni mu foto, hapana.»

Darius


Walikale-centre, 15 Mei 2022

Mdogo wangu mpendwa, msomi wa maji machafu,

Barua yako nimeisoma mara ngapi sijui, nimemsomea Sébastien, nimemsomea jirani yangu Athanasie, nao wanakusalimu wakiwa wameshika mbavu. Miaka yote ukija hapa unaomba chai. «Hii kahawa yenu, dada, ni ya kupaka mbao zisiliwe na mchwa.» Leo unaiandikia tafadhali. Nimekutumia mfuko mzima, na nimeichoma mwenyewe mpaka moshi ukafukuza kuku. Mbaya kuliko hiyo haipo.

Lakini umeandika chumvi ya majivu kama vile inaanguka kutoka mbinguni. Unakumbuka namna ya kuifanya? Huwezi kukumbuka, ulikuwa unacheza mpira. Maganda ya ndizi unayakausha mpaka yalie yakikunjwa. Unayachoma peke yake, usiweke kuni nyingine juu, Mama alikuwa anasema kuni zinaleta fitina ndani ya majivu. Unaweka majivu kwenye kikapu chenye nyasi chini, unamwagia maji taratibu, tone kwa tone, na yale yanayotoka unayachemsha mpaka ibaki chumvi. Ndiyo aliyolainishia maharagi yetu yote. Nilipoandika mstari huu nimelia, sitaki unijibu juu ya hilo.

Vitamini nunua mwenyewe.

Adelaïde


Nyabiondo, 12 Juni 2022

Dada,

Sisi wazima. Sitajibu juu ya hilo.

Kahawa yako imefika, na Honoré anasema abiria wake walishuka njiani kwa harufu. Chumvi nimeifanya kama ulivyoandika, kikapu, nyasi, tone kwa tone. Shekinah aliposikia ni chumvi ya Mama alileta sufuria mwenyewe.

Inafanya kazi. Nimekata kipande kingine gizani, nikakirudisha kwenye kamera ya Papa na kupiga hapa mlangoni: unga wa mihogo juu ya sahani nyeupe, kwenye jua kali. Negatifu yake hii hapa. Imekuwa ya kahawia yote. Uikuze kwenye karatasi, unitazamie jambo moja tu: unaona unga unaishia wapi na sahani inaanzia wapi? Kama unaona, nitamtoa Mama kwa dawa hiyo. Kama huoni, nitatafuta kingine. Filamu iliyobaki ni ya Mama peke yake, sina tena cha kujaribia. Nakungojea wewe.

Darius


Walikale-centre, 3 Julai 2022

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo. Sisi hatujambo. Huku joto limezidi, sijawahi kuona. Sébastien jipu limepona kabisa, anatembea vizuri, jana alikwenda mpaka sokoni na kurudi. Athanasie anakusalimu. Kuku wanataga. Bei ya mafuta ya mawese imeshuka kidogo. Kwaya yetu imepata ngoma mpya, nzuri.

Ile negatifu yako ilifika.

Mambo mengine nitakuandikia. Endelea tu na kazi, mimi nakuamini.

Adelaïde


Nyabiondo, 17 Julai 2022

Dada Adelaïde,

Katika maisha yangu hujawahi kuniamini, kwa hiyo nilijua kuna msiba. Nilimkalisha Honoré, nikamwekea bugali na nyama, nikamuuliza. Alitafuna kwanza. Kisha akasema: «Ile kafilme? Mama Adelaïde aliisafisha na javeli, ile dawa ya kutoa doa kwenye nguo. Picha yote ikaenda na maji, ikabaki plastiki tu. Aliniambia nisiseme. Mimi sijasema, ni wewe njo umeuliza.»

Javeli, dada. Mimi nimetafuta dawa ya kutia doa tangu Pasaka ya mwaka jana, nimechoma maganda ya ndizi ya kijiji kizima, na wewe umeliona doa ukalifulia. Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikacheka tena. Najua sana ulichofikiri. Uliona kahawia imejaa mpaka pembeni, ukasema huyu mtoto hakusuuza, ikakuamkia sheria ya Mama: kitu hakitoki nyumbani na doa. Ungekuwa mgeni ungeikuza tu hivyo hivyo. Ni mtoto wa Mama peke yake anayeweza kuharibu kitu kwa usafi namna hiyo.

Basi jibu la unga na sahani sikulipata. Nilikaa siku kadhaa na kopo mkononi. Nilifikiri kurudi kwenye dawa ya kawaida, uso ungetoka, watu wangekula wakaenda. Halafu nikamtoa Mama kwa kahawa yako. Ametoka. Ninaona kwenye negatifu ninachofikiri ninaona, lakini mimi sina mashine. Ni wewe tu unaweza kujua.

Sasa hapa njo pagumu. Negatifu hiyo ni moja duniani, na mtu wa kuikuza ni mmoja, na mtu huyo ana javeli. Shekinah alisema nisikutumie, nimkamate mtu wa Goma. Nimemwambia hapana. Nimeishonea ndani ya kitambaa, Honoré ameiweka kifuani.

Usiioshe. Usiipanguse. Usiipulizie. Doa ni kazi, dada.

Umeniuliza kwa nini nasumbuka na weupe na weupe. Sababu ninayo tangu siku ile, nilikuwa nyuma ya kamera, niliona. Sikuandika kwa sababu ungesema nakusingizia. Ukimkuza, wengine wote watatazama uso. Wewe tazama mkono wake wa kushoto.

Darius


Walikale-centre, 7 Agosti 2022

Darius,

Salamu nitakuletea mwenyewe.

Chupa ya javeli nilimpa Athanasie kabla Honoré hajashuka kwenye pikipiki, na nikamwambia hata nikija kumlilia asinirudishie. Mikono niliinawa kwa maji matupu. Nikaziba dirisha kwa blanketi, Sébastien akawasha jenereta, akasimama mlangoni ili mtu asiingie, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane alisahau kuuliza chakula.

Uso ulitangulia. Anatazama kama alivyokuwa akimtazama mtu aliyechelewa misa. Kahawa yako imemtendea haki, ni mweusi wa kwake, na kila mkunjo wa kitambaa cha kichwa unahesabika. Picha ni nzuri, Darius. Papa angekaa kimya, na unajua kimya cha Papa kilikuwa na maana gani. Usivimbe kichwa, mlango wa kibanda cha sungura ni mdogo.

Kisha nikatazama mkono.

Mwanzoni niliona weupe tu, nguo yake. Karatasi ilipokaa kwenye dawa kidogo, nguo ikagawanyika. Kuna libaya ya pili, imekunjwa juu ya mkono wake, nyeupe juu ya nyeupe, na amejibana nayo kifuani kama mtu anayengojea mwenye nayo afike aivae. Ningesema ni ya Shekinah. Lakini kola imesimama. Kina mama wengine wote huvaa shingo wazi. Katika familia hii kola ya kusimama ni moja tu, tangu siku ile uji wa moto ulipomwagika shingoni pangu nikiwa mdogo, na Mama akaanza kunishonea hivyo ili kovu lisionekane. Hakuwahi kuniuliza kama nataka. Alishona tu.

Nilisema msinishonee. Ulisikia, umeandika mwenyewe. Na yeye alisikia.

Kwa dawa yangu ya pakiti ingekuwa shuka moja. Ningeiweka mezani na maua, ningepokea watu, ningekwenda kaburini kwangu bila kujua.

Mwambie Shekinah atafute libaya hiyo. Kama panya wameigusa asiishone, nitaishona mimi. Aipige pasi tu. Kama ina doa, asilitoe.

Picha naibeba mwenyewe, kifuani, simpi Honoré. Ameingia hapa asubuhi, ameniapia kwa jina la mama yake kwamba daraja limekwenda na maji, gari halipiti, pikipiki haipiti, safari hii njia imekatika kweli kweli.

Natoka kesho.

Adelaïde